Kipimo kimesema "brusela": lakini ni brusela ipi, na imetoka zizi gani?

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, na zote zinahusu ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao kwa binadamu hospitali huuita bruselosisi na wengi wetu huuita brusela kwa kifupi. Anayejibu ni daktari wa mifugo aliyefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Kisesa, wilayani Magu. Nina ng'ombe kumi na mmoja, mbuzi ishirini na kondoo wachache, na wote hulala zizi moja. Tangu mvua za masika ng'ombe wawili wametupa mimba, mmoja ikiwa na miezi saba. Mke wangu naye anapata homa inayokuja na kuondoka, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, na mgongo unamuuma. Alitibiwa malaria mara tatu, kisha taifodi, na juzi alipimwa damu katika zahanati moja akaambiwa ana brusela. Nimeamua kuwauza wale ng'ombe wawili. Je, nitakuwa nimelimaliza tatizo?

Marahaba, ndugu mfugaji, na umfikishie mama pole zetu. Nakuomba jambo moja kabla ya yote: usiwauze ng'ombe hao. Ng'ombe aliyetupa mimba kwa ugonjwa huu mara nyingi huzaa salama safari inayofuata, akaonekana mzima kabisa, huku akiendelea kutoa bakteria kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi. Kwa hiyo atakayemnunua mnadani atakuwa amenunua homa akaipeleka nyumbani kwake bila kujua. Ipo pia sababu ya pili, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kirefu: bado hujui kama ni ng'ombe hao waliomwambukiza mama.

Kipimo kinachotumika sana kuutafuta ugonjwa huu, kwa watu na kwa mifugo, ni kile cha Rose Bengal. Mtaalamu hudondosha tone la maji ya damu kwenye kigae cheupe, akaweka kando yake tone la dawa yenye rangi ya waridi ambalo ndani yake mna bakteria waliokwisha kuuawa, akayachanganya kwa kijiti na kukitikisa kigae taratibu kwa dakika 4. Damu isiyo na kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshika vijidudu, hubaki laini vilevile. Damu yenye kingamwili huanza kufanya punjepunje, kama maziwa yanayokatika jikoni, na hapo mtaalamu huandika kwamba kipimo kimeitika. Punje hizo zinatuambia kwamba mwili huo umewahi kukutana na bakteria wa jamii ya Brucella. Hazituambii wamekutana lini, na hazituambii ni Brucella yupi, kwa kuwa yule wa ng'ombe, yule wa mbuzi na yule wa nguruwe wamevaa ganda la nje linalofanana, na kingamwili za mwili hushika ganda hilo bila kubagua. Isitoshe, wako bakteria wengine wa tumboni, hasa aina moja ya Yersinia, ambao ganda lao linakaribiana na hilo kiasi cha kukidanganya kipimo. Na zile dawa za bei nafuu za kupimia homa zinazotumika katika vituo vingi vya Afrika Mashariki zilipochunguzwa nchini Kenya zilionekana kuwapa jibu la "anao" watu wengi wasio na ugonjwa. Ndiyo maana ningependa mama arudiwe kupimwa mahali penye maabara kubwa zaidi.

Tofauti ya aina hizi ina uzito mkubwa kwa familia kama yako. Brucella melitensis makao yake ya asili ni mbuzi na kondoo, Brucella abortus ni ng'ombe, na Brucella suis ni nguruwe. Kwa binadamu, melitensis ndiye mkali kuliko wote. Aligunduliwa mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliyempata kwenye mabandama ya askari waliokufa kwa homa. Lakini ilichukua hadi mwaka 1905 kabla Themistocles Zammit, daktari Mmalta, hajaonyesha kwamba homa ile ilikuwa ikitoka kwenye maziwa ya mbuzi. Kwa miaka 18 mbuzi walipita mlango kwa mlango wakikamuliwa mbele ya wateja, na hakuna aliyewashuku, kwa sababu hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Nimeisimulia habari hii kwa sababu katika barua yako, ndugu yangu, umewataja mbuzi ishirini mara moja tu, ukawapita.

Katika hospitali ya Endulen, huko Ngorongoro, watafiti waliwachunguza wagonjwa 230 wenye homa kati ya Agosti 2016 na Oktoba 2017, na kwa wagonjwa 8 wakafaulu kuotesha Brucella hai. Walipowatambua bakteria hao kwa jina, 7 walikuwa melitensis na 1 tu alikuwa abortus. Hiyo ni jamii ya wafugaji ambayo ng'ombe ndiye fahari yake, kama ilivyo huku kwetu Usukumani, na bado bakteria waliokutwa kwenye damu za watu karibu wote walikuwa wa ile aina ya mbuzi na kondoo. Kama familia moja kati ya hizo ingeuza ng'ombe wake wote kwa kufuata kipimo cha kingamwili peke yake, ingepoteza mali na kubaki na ugonjwa.

Sisemi kwamba kwako ni mbuzi. Inawezekana kabisa kuwa ni abortus kutoka kwa ng'ombe hao wawili. Inawezekana pia kuwa ni melitensis aliyetoka kwa mbuzi akawaingia ng'ombe, jambo linalotokea mahali ambapo mifugo yote hulala pamoja. Au ng'ombe walitupa mimba kwa sababu nyingine kabisa, kwani magonjwa yanayosababisha hivyo ni mengi. Njia ya kujua ni kumpata bakteria mwenyewe, ama akiwa hai ama kwa vinasaba vyake, na kumpata kunategemea sampuli utakayopeleka.

Kwa upande wa mama, nenda naye hospitali yenye maabara inayoweza kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, kama Bugando, na damu hiyo ichukuliwe kabla hajaanza dozi. Mwambie daktari waziwazi: tunafuga, ng'ombe wametupa mimba, kipimo cha brusela kimeitika. Maneno hayo ni ya lazima, kwanza kwa sababu bakteria hawa hukua polepole na maabara isiyojua inachotafuta huweza kuitupa chupa kabla ya wakati, na pili kwa sababu Brucella huingia kwa njia ya hewa na ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi duniani. Yule anayefungua chupa ana haki ya kujua. Ugonjwa ukithibitishwa, tiba inayotumika kwa kawaida ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na dawa ya pili, ama rifampisini kwa muda huohuo ama sindano za streptomaisini kwa wiki 2 hadi 3. Kama mama ni mjamzito au kuna uwezekano wa kuwa mjamzito, amweleze daktari, kwa kuwa doksisaiklini haimfai. Wiki 6 ni nyingi, na homa huweza kukoma mapema, lakini anayeikatiza dozi mara nyingi hurudiwa na homa ileile.

Kuhusu kutibiwa malaria mara tatu, msijilaumu. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60.7 walidhaniwa na madaktari kuwa na malaria, na waliokutwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Huku ziwani malaria ni nyingi kuliko Moshi, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuhamishwa kama zilivyo, ila zinaonyesha jinsi homa za mifugo zinavyojificha nyuma ya jina la malaria.

Kwa upande wa zizi, mnyama mwingine akitupa mimba, usishike chochote kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au ukikosa, ingiza mkono katika mfuko mzito wa plastiki usio na tundu, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata mara moja. Sampuli nzuri ni kondo la nyuma na kijusi, hasa majimaji ya tumboni mwake, mapafu na bandama, pamoja na maziwa ya mama yake; zifungwe katika mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, zikae kwenye barafu, na zifike siku hiyohiyo au kesho yake katika maabara ya mifugo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Mwanza, kwa hiyo kutoka Kisesa safari si ndefu. Na tafadhali, usitie formalini. Nilipokuwa kijana kazini nilipokea kijusi kilichosafirishwa kwa basi kutoka mbali, kimefungwa vizuri sana, kikielea ndani ya ndoo ya formalini. Mzee aliyekileta alikuwa ametumia nauli yake mwenyewe na alikaa kwenye benchi akisubiri jibu. Ilinibidi nimweleze kwamba dawa ile ilikuwa imekwisha kuua bakteria wote, na kwamba tusingeweza kuotesha kitu. Sijausahau uso wake.

Wakati unasubiri, chemsha maziwa yote hadi yachemke kweli, yakiwemo yale ya kugandisha, maana uchachu wa mgando si kinga ya kutegemea. Watenge mbuzi na ng'ombe. Na uliowaona wametupa mimba wakae peke yao.

Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa jijini Mwanza. Tumefundishwa kwamba aina zote za Brucella zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90 katika vinasaba vyao. Kama zinafanana hivyo, wataalamu wanazitenganishaje, na kuna faida gani kushuka chini zaidi hadi kwenye ukoo mmoja mmoja?

Swali lako limenifurahisha. Tuanze na njia ya zamani, ambayo bado ina heshima yake. Bakteria wakioteshwa, baada ya siku 3 hadi 5 huonekana kwenye sahani kama matone madogo ya mviringo, na ukiipitisha nuru kwa nyuma yana rangi ya asali iliyofifia. Kuanzia hapo mtaalamu huwauliza maswali: Je, mnahitaji hewa ukaa ya ziada ili mkue? Je, mnatoa ile gesi yenye harufu ya yai viza? Je, mnaweza kukua penye rangi ya thionini, na penye fuksini? Je, virusi wa Tbilisi, wanaowala baadhi ya bakteria na kuwaacha wengine, wanawapasua? Abortus hupasuliwa na virusi hao, melitensis husalimika. Kwa majibu ya namna hii spishi hugawanywa tena katika vikundi viitwavyo baiova: melitensis ana 3, suis ana 5, na abortus ana kadhaa. Ni kazi ya uvumilivu, na ni ya hatari, kwa sababu inataka bakteria hai kwa wingi ndani ya maabara yenye kinga ya ngazi ya 3.

Ndipo vinasaba vilipoleta nafuu. Brucella ana kromosomu 2 zenye jumla ya herufi kama milioni 3.3, na ni kweli kwamba spishi zinafanana mno. Lakini wataalamu hawasomi herufi zote, wanatafuta mahali zinapotofautiana. Kipo kipande kidogo kiitwacho IS711 ambacho hujirudia katika kila Brucella, ila kinakaa sehemu tofauti kwa kila spishi, na kipimo cha PCR, yaani cha kuzidisha kipande cha vinasaba hadi kionekane, kilichobuniwa mwaka 1994 kwa jina la AMOS kilitumia tofauti hiyo. Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu ni kosa ninaloliogopa. AMOS kwa upande wa abortus huwatambua baiova 1, 2 na 4 tu. Sasa, abortus aliyeoteshwa kutoka kwa ng'ombe wa maziwa hapa Tanzania na kutangazwa mwaka 2015 alikuwa baiova 3. Maabara itakayonunua kipimo hicho kwa sababu kinasifiwa katika vitabu vya nje inaweza kuandika "hayupo" mbele ya bakteria aliyepo kabisa. Kipimo kilichofuata, Bruce-ladder, hutoa vipande vya urefu mbalimbali vinavyojipanga kama ngazi, na kila spishi ina vidato vyake. Huyo baiova 3 hakimkosi, na hata bakteria wa chanjo huonekana kuwa ni wa chanjo. Chombo hakina thamani kama hakikupimwa kwa bakteria wa nchi kinamotumika.

Kuhusu ukoo mmoja mmoja, njia inayojulikana zaidi huitwa MLVA. Katika sehemu 16 za vinasaba kuna maneno mafupi yanayojirudia, na idadi ya marudio hubadilika kadiri vizazi vya bakteria vinavyopita. Hesabu marudio hayo utapata mfuatano wa namba 16, kama shanga za mkufu. Bakteria wa mama wa Kisesa akiwa na mkufu uleule wa bakteria wa mbuzi wa zizini kwake, una ushahidi mzito kuhusu chanzo. Akiwa na mkufu tofauti, itabidi uulize maziwa mengine aliyokunywa, au nyama aliyochinja kwingine. Siku hizi maabara zenye uwezo husoma herufi zote milioni 3.3, na hapo undugu huonekana kwa undani zaidi. Faida yake kwa mkoa kama wetu, ambako ng'ombe hutoka mnada hadi mnada na kuvuka mipaka ya wilaya kila wiki, ni kwamba unaweza kuona kama ugonjwa unaingizwa upya kutoka nje au unazunguka ndani ya mazizi yaleyale. Hatua za kuchukua katika hali hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Naandika kutoka Ukerewe. Nimesikia kwamba Brucella amepatikana hata kwa viumbe wa majini. Huku kwetu baadhi ya watu hutupa ndama waliokufa ziwani. Je, tuogope samaki?

Walio maarufu ni wa baharini: Brucella ceti wa pomboo na nyangumi, na Brucella pinnipedialis wa sili, na hao wawili hawana makao katika ziwa letu. Lakini kuna habari moja inayokuhusu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Misri walitangaza kwamba wamempata melitensis baiova 3 kwa kambale wa mto Naili, samaki ambaye huku kandoni wengi humwita mumi, katika mifereji ambamo watu walizoea kutupa mizoga na uchafu wa mifugo. Bakteria alikuwa ni wa mbuzi na kondoo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umetoka zizini ukaenda majini, na kutambuliwa kwa baiova ndiko kulikowezesha watu kuona ulikotoka.

Samaki aliyepikwa akaiva, sangara, sato au mumi, hana hatari hiyo, kwa kuwa Brucella hufa kwa joto. Mpasuaji samaki mwenye kidonda mkononi afunike kidonda. Ndama aliyetupwa afukiwe kwenye shimo refu mbali na maji, au achomwe hadi majivu. Penye kivuli, ubaridi na unyevu bakteria huyu huweza kuishi miezi, na ufukweni unyevu haukosekani.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo wa kata, wilayani Kwimba. Nilipokuwa nachanja mitamba, mmoja aliruka na sindano ikanichoma kidole. Nimepima Rose Bengal baada ya mwezi, haikuitika. Je, niko salama?

Pole sana, ndugu, na jibu langu linategemea jina lililoandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Chanjo za ugonjwa huu ni bakteria hai waliopunguzwa ukali, na kila mmoja ana tabia yake. Kama ilikuwa S19, kingamwili zake huonekana kwa Rose Bengal, kwa hiyo jibu lako lina uzito kiasi. Kama ilikuwa RB51, jibu hilo halina maana yoyote, kwa sababu bakteria huyo hana lile ganda la nje ambalo kipimo hulitafuta. Unaweza kuwa naye mwilini na kigae kikabaki laini. Tena RB51 ni sugu kwa rifampisini, ambayo ndiyo dawa daktari anaweza kuifikiria mwanzoni pamoja na doksisaiklini. Na kwa wenzako wanaochanja mbuzi na kondoo kwa Rev.1, huyo ni sugu kwa streptomaisini.

Anayechomwa hutakiwa aanze dawa za kinga mapema, kwa wiki 3, zilizochaguliwa kulingana na ukoo wa chanjo. Kwako mwezi umepita, kwa hiyo usisubiri homa: nenda hospitali wiki hii, ukiwa umebeba chupa tupu au picha ya kibandiko chake, umweleze daktari tarehe uliyochomwa, na kama una homa, jasho la usiku, maumivu ya viungo au uvimbe wa korodani, omba damu yako ioteshwe kabla hujameza kidonge cha kwanza. Chupa ikiwa imekwisha kutupwa, muulize aliyewakabidhi chanjo; jina la ukoo na namba ya toleo kwa kawaida vimo kwenye hati za mapokezi.